Mafuta ya jero na uchumi unaokua

Wiki iliyopita jioni moja nimetoka kazini nafika nyumbani nikamkuta mama kajishika kiuno, mgongo umembana tangu asubuhi, nikamwambia mama nenda kalale, gengeni nitakaa mimi mpaka saa tatu. Genge letu liko Mbagala Charambe, Dar es Salaam, mbele ya nyumba, meza ya mbao na bati juu, nyanya za mafungu, vitunguu, bamia, nazi, dagaa wa kupima, na pembeni lile dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kula. Nimekua nalo hilo dumu. Madumu yanabadilika lakini ile kona sijawahi kuiona tupu maisha yangu yote.

Basi nikakaa. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa tatu kasoro nilipima mafuta mara 31, nilikuwa naandika kila mteja kwenye karatasi kwa sababu mama anataka hesabu yake ikae sawa. Mara 24 ilikuwa ya jero, yaani shilingi mia tano. Mara tano ya buku, yaani elfu moja. Wawili walitaka ya mia tatu. Hakuna hata mmoja aliyesema nipe lita.

Mmoja wa mwisho alikuwa katoto ka kama miaka saba hivi, kamekuja na kichupa cha soda kameshika kwa mikono miwili. "Shikamoo dada." Marahaba mdogo wangu. "Mama kasema umpimie ya jero, hela ataleta kesho." Nikapima, nikafungua kaunta buku ya madeni nikatafuta jina la mama yake nikaandika 500, na juu ya hiyo 500 kulikuwa na 500 nyingine ya juzi, na juu yake 1,000 ya sukari na majani. Nikakaangalia kanavyovuka barabara ya vumbi kakiwa kamekiinua kichupa juu ili kisimwagike, moyo ukaniuma sana.

Nimesoma uhasibu, kazi yangu ni namba kutwa nzima, kwa hiyo usiku ule usingizi haukuja nikachukua kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, kina mistari ya mililita, nikaenda kupima kipimo chetu cha jero kinajaa kiasi gani. Mililita 80. Sasa piga hesabu na mimi. Mililita 80 kwa shilingi 500 maana yake lita nzima ni 6,250. Mama dumu la lita 20 analichukua duka la jumla kwa 90,000, yaani lita 4,500. Nyumba inayonunua jero ya mchana na jero ya usiku, kwa mwezi inatoa 30,000 na inapata lita tano kasoro kidogo. Mwenye hela yake mkononi anaenda duka la jumla anachukua kidumu cha lita tano kwa 24,000, anaweka jikoni, mwezi umeisha. Tofauti ni 6,000. Anayelipa zaidi ni yule asiyekuwa nayo.

Na mafuta ni kitu kimoja tu. Mkaa hivyohivyo, kopo asubuhi kopo jioni wakati mwenzio kanunua gunia. Maji ndo usiseme. Sisi tuna mita, uniti moja yaani lita elfu moja hata ukiweka na makato yake haifiki elfu tatu, lakini jirani asiyekuwa na bomba ananunua kwa kijana wa mkokoteni dumu la lita 20 kwa 300, yakikatika mtaa mzima anauziwa 500, na lita elfu moja ni madumu 50, kwa hiyo kwa maji yaleyale yeye anatoa 15,000. Chumba nacho, wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka kodi ya miezi sita au mwaka, asiyeweza kuilipa kwa mpigo anabaki kwenye vile vyumba vya bondeni ambako mvua ikinyesha godoro linapandishwa juu ya meza, kwa sababu huko ndo wanapokea mwezi kwa mwezi.

Nilipomwambia mama asubuhi kwamba jero yetu inatoka lita 6,250 hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, hakuna mtu anayependa mafuta ya jero. Mtu ananunua ya jero kwa sababu jero ndo iliyopo mkononi. Ikiwepo elfu tano mkononi, kuna mtoto anaumwa." Nimekuwa na hiyo sentensi kichwani wiki nzima.

Lazima niseme na hili kwa sababu ni kweli. Kwenye lile dumu mama anatoa vipimo 250 vya jero, anapata 125,000, faida 35,000, na hiyo faida ndo iliyonisomesha. Ada yangu ya chuo, nauli, makaratasi ya kutolea kopi, vyote vimetoka kwenye hiyo tofauti ambayo majirani zetu wanailipa kwa kukosa hela ya kununua cha kesho. Mama hana kosa, analala saa tano anaamka saa tisa usiku kwenda sokoni Temeke Stereo, anakopesha watu ambao benki yoyote haiwezi kuwafungulia mlango. Lakini mimi ninayeandika hapa nimefika ofisini Posta kwa gharama ya watu ambao bado wanakuja na vichupa, na sitaki kujifanya sijui.

Sasa tuje kwenye uchumi. Kila nikifungua taarifa ya habari nasikia uchumi unakua, na ni kweli unakua, 2023 ulikua kwa asilimia 5.1 na 2024 kwa asilimia 5.5, na miaka mingi kabla ya korona tulikuwa kwenye sita mpaka saba, nchi nyingi zinautamani ukuaji huo. Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ikatutangaza tumeingia kundi la uchumi wa kati, ngazi ya chini yake, kwa sababu pato la wastani kwa mtu mmoja kwa mwaka 2019 lilikuwa dola 1,080 na mpaka wa kuingilia ulikuwa 1,036. Nakumbuka watu walivyofurahi na mimi nilifurahi. Ila kwa dola ya wakati ule 1,080 ni kama 2,480,000 kwa mwaka, yaani laki mbili na elfu saba kwa mwezi kwa kila kichwa, mpaka kale katoto ka kichupa. Nyumba yenye watu watano ingekuwa na milioni moja kwa mwezi. Naijua Charambe nyumba kwa nyumba, nimepeleka nyanya kwenye hizo nyumba tangu niko darasa la tatu, nyumba zenye milioni kwa mwezi nazihesabu kwa vidole.

Ndo shida ya wastani. Ukichukua mshahara wa bosi mwenye gari tatu na kipato cha dada anayeuza karanga kwenye kituo cha Rangi Tatu ukagawa kwa mbili, karatasi inaonyesha wote wana maisha mazuri, na dada wa karanga hata hajui kama kuna mtu amemfanyia hesabu.

Wanaopima umaskini wenyewe wana mstari mwingine. Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 iliweka mstari wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima mmoja kwa mwezi. Gawa kwa 30 unapata 1,644 kwa siku. Humo ndani kuna kula, kulala, sabuni, nguo, dawa, nauli, na nauli ya daladala ruti fupi wakati ule ilikuwa 400, kwenda na kurudi 800, nusu ya siku yako imeishia kwenye siti. Na bado walikuta watu 26 kati ya kila 100 Tanzania Bara hawafiki hata huo mstari. Sasa kumbuka ile 6,000 ya mafuta. Ile ya nyumba moja ni sawa na sehemu moja ya nane ya 49,320 ya mtu mzima kwa mwezi mzima, imepotea, na kilichoipoteza ni kununua kidogo kidogo, mafuta peke yake, hatujagusa maji.

Ukiangalia miaka, 2007 walikuwa asilimia 34.4, 2011/12 wakawa 28.2, hapo palikuwa na kasi nzuri. Halafu kutoka hapo mpaka 2017/18 tukashuka hadi 26.4 tu. Yaani ndani ya ile miaka ambayo magorofa ya Dar yaliota kama uyoga, uchumi unapanda kwa sita kwa saba, umaskini ulipungua kwa pointi hazifiki mbili. Na kwa idadi ya vichwa maskini waliongezeka, kutoka kama milioni 12 kufika kama milioni 14, kwa sababu na sisi tunazaliana. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7, tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kila mwaka. Sufuria la ubwabwa limekuwa kubwa kweli lakini na mkeka umejaa, ukuaji wa asilimia tano ukitoa hao watu wapya unabaki kama asilimia mbili kwa kila mmoja, na hizo mbili nazo hazigawanywi sawa.

Kwa nini hazigawanywi, mimi nadhani jibu liko kwenye gunia la sembe. Sembe tunayouza gengeni mama anapenda itokane na mahindi ya Sumbawanga, anasema haina pumba na inashika. Sumbawanga ni Rukwa, moja ya mikoa inayolisha nchi hii mahindi. Kwenye ule utafiti wa 2017/18 mkoa ulioongoza kwa umaskini ulikuwa Rukwa, asilimia 45, na Dar yetu tulikuwa 8. Anayelima ugali ndo maskini kuliko wote! Na sio hela tu, utafiti wa afya wa 2022 umekuta Iringa, Njombe na Rukwa karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wengine zaidi ya nusu, na hiyo ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, maziwa, matunda. Chakula kipo. Kinapandishwa kwenye Fuso kinakuja kwetu, kwa sababu mkulima anahitaji hela ya daftari na ya dawa na kwa mwaka mzima hana kingine cha kuuza, anauza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, halafu Januari ananunua debe bei ikiwa juu. Ni jero ileile, ya kijijini.

Karibu theluthi mbili ya wafanyakazi wa nchi hii wako kwenye kilimo, na kilimo kinaleta kama robo ya pato la taifa. Mambo yanayokimbia ni ujenzi, madini, usafirishaji, mabenki, simu. Yanaongeza namba haraka lakini hayaajiri watu wengi. Mgodi wa dhahabu unaweza kupandisha takwimu za mwaka mzima bila mtu wa Charambe kujua umefunguliwa. Jembe la mkono la yule mama wa Rukwa likizaa gunia mbili zaidi kwa ekari, na akawa na ghala la kumsubirisha mpaka bei ipande, hiyo nchi nzima tungeisikia mpaka kwenye bei ya unga.

Lakini sitaki mtu asome hapa aseme huyu dada anaona giza tupu, maana nisingekuwa mkweli.

Bibi yangu mzaa mama ni Mndengereko wa Rufiji. Alikuwa hajui a wala be. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, bibi akaenda darasani jioni chini ya mwembe na mtoto mgongoni, akajifunza kuandika jina lake na kusoma barua, na mpaka anafariki alikuwa anasoma Kurani yake na gazeti lolote lililofungia samaki. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya redioni, kijiji kinakusanyika kwenye redio moja wanasikiliza somo halafu wanaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Choo cha bibi kilichimbwa mwaka ule. Nchi ilikuwa maskini kweli, kipato hakuna, na miaka iliyofuata uchumi ulitushinda vibaya mpaka watu wakapanga foleni ya sabuni na sukari, hilo nalo lisifichwe. Lakini mtu aliyejua kusoma hakunyang'anywa kusoma kwake. Mwalimu alisema maadui zetu ni watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na nikija kusoma chuoni kuhusu kile kipimo cha maendeleo ya watu cha Umoja wa Mataifa, kilichoanza 1990 na kina Mahbub ul Haq wa Pakistan na Amartya Sen wa India, nikakuta kinaangalia mambo matatu, afya, elimu na kipato. Nikacheka peke yangu kwa furaha pale maktaba, nikasema hawa mbona ni wale maadui watatu wa bibi yangu wamegeuzwa upande wa pili.

Na upande huo tumesogea. Mwaka 2004/05 kati ya kila watoto elfu moja waliozaliwa hai 112 walikuwa wanakufa kabla ya kufika miaka mitano. Utafiti wa 2015/16 ukakuta 67. Wa 2022 ukakuta 43. Mama zetu waliokuwa wanafariki kwa uzazi, 556 kwa kila vizazi hai laki moja mwaka 2015/16, mwaka 2022 ni 104. Soma hizo namba taratibu. Mama amezika watoto wawili, kaka zangu ambao sikuwahi kuwaona, mmoja surua mmoja homa, na leo wajukuu zake wote wana kadi za kliniki zilizojaa mihuri ya chanjo. Hilo ndo jambo kubwa kuliko flyover yoyote ya mji huu, na halina ribboni ya kukata ndo maana hatulisemi sana.

Barabara nazo zisidharauliwe. Zamani kwenda kwa bibi msimu wa masika ulikuwa unaweza kulala njiani siku mbili tatu, basi limezama kwenye tope, mto Rufiji unavushwa kwa kivuko. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, lami ikaja kuungana baadaye, sasa hivi unatoka Rangi Tatu asubuhi mchana unakula Ikwiriri. Nazi, korosho, samaki wa kukausha, vyote vinafika Mbagala siku hiyohiyo. Na kwenye mto huohuo leo kuna bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115. Huo ni ukuaji ninaouona kwa macho na naushukuru.

Kinachonikosesha amani ni kwamba ukipanda hujui kama utabaki juu. Benki ya Dunia kwenye tathmini yake ya umaskini ya 2019 waliandika kitu ambacho nilikisoma mara tatu, kwamba kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Wanne wanatoka, watatu wanaingia. Sisi nyumbani tumekuwa wote wawili, aliyetoka na aliyeingia.

Baba alikuwa fundi seremala, ana banda lake na vijana wawili, ana mashine ya kuranda aliyoinunua kwa miaka minne ya kudunduliza. Mwaka 2014 akagongwa na bodaboda anavuka Kilwa Road akavunjika paja. Alikaa hospitali moja siku nne bila kuguswa kwa sababu vyuma vya kuunganishia tulitakiwa tununue wenyewe nje, kila siku tunaambiwa bei tofauti. Sitaitaja hospitali, manesi wenyewe walikuwa wanalia na sisi, wodi imejaa mpaka watu wanalala chini. Siku ya tano mama aliuza ile mashine. Aliyeinunua alijua tuna shida akatoa nusu ya bei, mama akapokea hakubishana. Baba alipona mguu lakini banda halikurudi, vijana wakaondoka, mimi nikakaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kurudi shule. Kwenye takwimu za taifa mwaka ule uchumi ulikua vizuri tu. Na mguu wa baba ungeunganishwa siku ya kwanza kwa bima, leo naamini angekuwa ana vijana kumi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nataka nini mimi ambaye sio mbunge wala mchumi mkubwa, namwambia nataka watu wasianguke. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023, itekelezwe mpaka imfikie muuza karanga, hiyo moja ingezuia mashine nyingi za kuranda zisiuzwe nusu bei. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 na nilishangilia, wapwa zangu wamefaidika, lakini ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima, chini ya shilingi 30 kwa siku, haiwezi kununua chaki na karatasi za mtihani, ndo maana michango inarudi kwa mlango wa nyuma, ya uji, ya mlinzi, ya mtihani wa majaribio. Dada yangu mwezi uliopita alitakiwa michango ya watoto watatu ndani ya wiki moja. Alikuja gengeni kukopa mchele.

Na mikopo jamani. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimama 2023 kwa sababu hela nyingi zilikuwa hazirudi, ikafunguliwa tena 2024, ni kitu kizuri sana ikifika kwa mlengwa. Isipofika kuna watu wako tayari saa yoyote. Jirani yetu muuza vitumbua mtoto wake aliugua nimonia mwezi wa pili, dawa za hospitalini zilikuwa hazipo akaambiwa akanunue nje, mtaji wake wote ulikuwa kama elfu 40, ukaisha kwa siku mbili. Mtoto alipona alhamdulillahi. Kesho yake hana hela ya mchele wala nazi ya kukanda vitumbua, akaenda kuchukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Laki moja, anarudisha elfu tano kila siku kwa siku 26. Anaamka saa kumi alfajiri anachoma vitumbua mpaka saa tatu, anapata faida elfu sita siku nzuri, tano zinachukuliwa saa nne na kijana wa pikipiki anayekuja na karatasi ya kusaini, anabaki na buku. Siku mbili mvua ilinyesha hakuuza, wakambebea godoro na jiko la gesi mbele ya watoto. Mtaa mzima tumesimama tunaangalia, na kila mmoja wetu alikuwa anajua hakuna uvivu wowote pale, yule mama hajawahi kulala mpaka jua limchome tangu nimjue.

Jumamosi iliyopita nikakaa na mama tukaifungua ile kaunta buku ya madeni ukurasa kwa ukurasa. Majina 43. Nilitaka kumshawishi tufanye kitu nilichokuwa nimekifikiria kwenye daladala, kwamba wale wa jero jero tuwaweke watano watano, kila mmoja atoe buku kila siku kwa siku 18, jumla 90,000, tuwachukulie dumu zima kwa bei ya jumla wagawane lita nne nne. Mama akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Na sisi tutakula wapi?" Nikamwambia mshahara wangu upo mama, si wa kutosha lakini upo, na nyanya na vitunguu vitaendelea. Akasema nitafikiria.

Jumatatu nimerudi kazini nakuta kaita wanawake watano, yule wa vitumbua akiwa mmoja wao, wamekaa kwenye mkeka nyuma ya genge. Walikuwa wameshakubaliana wao kwa wao, mpaka zamu ya nani atashika hela. Wa vitumbua akasema yeye buku kila siku kwa sasa hataweza, deni la kausha damu bado siku tisa, mmoja wao akamwambia dada wewe anza siku ya kumi sisi tutakuziba. Mama akaingia ndani akatoka na madumu matano matupu ya lita tano tano aliyoyaosha na majivu, na kalamu ya wino mweusi, akawa anaweka maji lita nne kwenye la kwanza kwa kutumia kikombe cha lita, anachora mstari, anamimina kwenye la pili, anachora, anainama macho yakiwa usawa wa mstari kuhakikisha hakuna aliyezidiwa hata tone, na mgongo wake ule unaouma.